Niache kazi nikasome rasilimali watu kwa muda wote?

Swali: Nina shahada ya kwanza ya sosholojia. Nimefanya kazi miaka minne katika huduma kwa wateja kwenye kampuni ya bima, na miwili ya mwisho nimekuwa nikiwafundisha wafanyakazi wapya na kupanga zamu. Nataka kuingia kwenye rasilimali watu. Nimeona programu za uzamili za muda wote, lakini itabidi niache kazi. Matokeo yangu ya chuo ni ya kati, takwimu nilipata alama mbaya, na sijawahi kuwa na cheo chochote cha rasilimali watu. Je, nina nafasi ya kudahiliwa? Au nisome MBA? Nianzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, nafasi unayo, tena ni kubwa kuliko unavyoiona. Kufundisha wapya na kupanga zamu ni kazi ya rasilimali watu, hata kama barua yako ya ajira haisemi hivyo. Nitalirudia hilo. Ila kabla ya fomu, alama na barua za wadhamini, liko swali ambalo usipokuwa na jibu lake mengine yote yatayumba: kwa nini muda wote?

Nauliza kwa sababu programu ya muda wote ina gharama isiyoonekana kwenye orodha ya ada, nayo ni mshahara utakaoukosa. Yanayofundishwa darasani unaweza kuyapata jioni au kwa njia ya mtandao, mara nyingine kwa walimu walewale. Kinachotofautisha muda wote ni mambo mawili: mafunzo kwa vitendo yenye malipo katikati ya masomo, na waajiri wanaokuja chuoni wenyewe kutafuta watu wa kuanza nao. Programu nyingi za miaka miwili za Marekani zimejengwa hivyo. Masomo yanaanza Agosti au Septemba. Wanafunzi hawajazoeana vizuri, tayari waajiri wamefika na wanasaili watu wa mafunzo ya kiangazi kinachofuata. Anayefanya vizuri kiangazi hicho mara nyingi anarudi mwaka wa pili akiwa na ahadi ya ajira.

Uingereza mpangilio ni mwingine. Shahada ya uzamili kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na miezi ya kiangazi inakwenda kwenye tasnifu. Programu nyingi za huko zina ithibati ya CIPD, chama cha kitaaluma cha watu wa rasilimali watu ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1913, na ithibati hiyo inakurahisishia njia ya uanachama. Ni masomo mazuri kwa mtu ambaye tayari yumo kwenye taaluma. Anayehama kutoka kazi nyingine lazima aulize mapema atapata wapi uzoefu, kwa sababu mwaka unaisha kabla hajashika faili la mfanyakazi hata mmoja.

Msimamo wangu ni huu. Kama tayari unafanya kazi ya rasilimali watu na unataka kina, soma jioni na ubaki na mshahara wako. Kama unabadili kazi na huna mlango wa kuingilia, muda wote unalipa, kwa sharti kwamba programu hiyo ina kipindi cha mafunzo kwa vitendo kinachosimamiwa na chuo chenyewe. Wewe uko katikati. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya maombi popote, nenda kaulize ndani ya kampuni yako kama kuna uwezekano wa kuhamishiwa idara ya rasilimali watu ndani ya mwaka mmoja. Wakikubali kwa maandishi, picha nzima inabadilika, na mimi ningekushauri uhame kisha usome jioni. Wakikataa au wakikuzungusha, umepata jibu la "kwa nini muda wote", na jibu hilo utalitumia kwenye maombi.

Kuhusu MBA nitakuwa mfupi. MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, inakupa fedha, masoko, mikakati, uendeshaji, na ndani yake kozi chache za watu. Inamfaa anayetaka mlango mpana au ambaye bado hajaamua. Uzamili wa rasilimali watu unakuingiza moja kwa moja kwenye uajiri na usaili, mishahara na marupurupu, sheria ya kazi, majadiliano na vyama vya wafanyakazi, mafunzo, na takwimu za wafanyakazi. Wewe umeshaamua. Usisome MBA kwa ajili ya jina.

Sasa vyuo. Usianze na orodha za "vyuo bora". Anza kwa kuuliza programu imekaa chini ya nani, maana hilo ndilo linaloamua utafundishwa nini. Shule kadhaa maarufu za Marekani katika fani hii zilizaliwa mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika kipindi cha migomo mikubwa ya 1945 na 1946, ilipoonekana kwamba waajiri na vyama vya wafanyakazi wanahitaji watu waliosomea namna ya kuketi mezani pamoja. Shule ya mahusiano ya kazi ya Chuo Kikuu cha Cornell ilianzishwa 1945, ya Illinois 1946, ya Rutgers 1947. Frances Perkins, aliyekuwa Waziri wa Kazi wa Marekani kuanzia 1933 hadi 1945 na mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo, alifundisha Cornell kuanzia 1957 hadi alipofariki mwaka 1965. Shule za ukoo huo bado zinafundisha sheria ya kazi, majadiliano ya pamoja na usuluhishi kwa uzito. Kwingine, kama Minnesota, Ohio State, Texas A&M na South Carolina, programu iko ndani ya shule ya biashara, na wanafunzi wake wanakaa karibu na wale wa fedha na uendeshaji.

Hakuna ukoo ulio bora kwa kila mtu. Anayetaka kusimamia mahusiano na vyama vya wafanyakazi kwenye viwanda, usafirishaji au afya atapata zaidi kwenye shule za aina ya kwanza. Anayetaka kuwa mshauri wa meneja wa kitengo, anayekaa naye kwenye vikao vya bajeti na mipango ya watu, atajisikia nyumbani kwenye shule ya biashara. Fungua orodha ya kozi za lazima, si za hiari, uzisome moja moja. Kozi za lazima ndizo zinazokuambia chuo kinaamini nini.

Kisha omba taarifa ya ajira ya wahitimu, na uisome kwa jicho kali. Asilimia kubwa ya walioajiriwa inaweza kutoka kwa wahitimu waliojibu dodoso peke yao, kwa hiyo uliza ni wangapi walijibu. Uliza walipata kazi kwa vyeo gani. Kama unatoka nje ya nchi ya chuo, uliza matokeo ya wanafunzi wa kimataifa peke yao, kwa sababu wastani wa darasa zima unaweza kuficha kwamba wenyeji wote waliajiriwa na wageni nusu walirudi mikono mitupu. Ofisi ya udahili yenye takwimu nzuri itakujibu haraka. Ikikujibu kwa maneno matamu bila namba, lichukue hilo kama jibu.

Kwa Marekani liko jambo moja zaidi ambalo waombaji wa kimataifa huligundua wakiwa wameshachelewa. Mhitimu mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12, na kama programu yake imesajiliwa kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaweza kuomba miezi mingine 24. Programu mbili za rasilimali watu zenye kozi zinazofanana zinaweza kuwa zimesajiliwa tofauti. Uliza msimbo wa usajili wa programu, upewe kwa barua pepe, uutunze. Kwa mwajiri anayefikiria kukuchukua, tofauti ya mwaka mmoja na miaka mitatu ni kubwa mno.

Tuje kwenye hofu yako: alama. Kamati ya udahili haisomi wastani peke yake. Inaangalia mwelekeo, yaani kama ulipanda au ulishuka, na inatafuta alama za kozi zinazofanana na utakayosoma. Kwa hiyo sosholojia si tatizo. Tatizo ni takwimu. Nitakueleza kwa nini wanaijali, kwa sababu ukielewa hilo utajiandaa kwa moyo mmoja.

Rasilimali watu imekuwa fani ya ushahidi. Chukua usaili wa kazi. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuona ni njia gani za kuchagua wafanyakazi zinabashiri utendaji wao wa baadaye. Usaili wenye maswali yaliyopangwa, ambapo kila mwombaji anaulizwa yaleyale na kupimwa kwa kigezo kilekile, ulipata uhusiano wa 0.51, kwenye kipimo ambacho 0 maana yake njia haibashiri chochote na 1 maana yake inabashiri bila kukosea. Usaili wa mazungumzo huru ulipata 0.38. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakarudia hesabu hizo, wakaonyesha kwamba masahihisho yaliyokuwa yamefanywa yalizidisha namba: usaili uliopangwa ukashuka hadi 0.42 na kuwa juu ya njia nyingine zote, ule wa mazungumzo huru ukaangukia 0.19. Meneja anayesema "mimi nikimwona mtu dakika tano namjua" anashindana na ushahidi huo, na kazi yako itakuwa kumwelewesha bila kumvunjia heshima. Huwezi kuifanya kama namba zenyewe zinakutisha.

Mfano mwingine ni hesabu ndogo ya haki. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 1978 kuhusu uchaguzi wa wafanyakazi unatumia kipimo cha asilimia 80: kiwango cha kuchaguliwa kwa kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi lililochaguliwa zaidi, utaratibu wa uchaguzi unatakiwa kuchunguzwa. Tuseme wanaume 100 waliomba na 60 wakachukuliwa. Wanawake 100 waliomba na 40 wakachukuliwa. Gawanya 40 kwa 60, unapata kama 0.67. Iko chini ya 0.80. Hapo hujathibitisha ubaguzi, ila umepata sababu ya kuchunguza maswali, majaribio na wasaili. Hii ndiyo takwimu utakayokutana nayo, na unaiweza.

Dawa ya alama mbaya ya takwimu ni alama nzuri ya takwimu. Soma kozi moja yenye mtihani na cheti cha matokeo, kwenye chuo kinachotambulika, jioni au kwa mtandao, imalizike kabla hujatuma maombi. Video za bure zitakusaidia kuelewa, lakini hazitoi alama ambayo kamati inaweza kuisoma. Kwenye maombi, sentensi mbili zinatosha: wakati ule alama ilikuwa hii, sasa ni hii. Usiandike aya nzima ya kujitetea, maana utaifanya doa ndogo ionekane kubwa.

Vyuo vingi siku hizi vinaacha GRE na GMAT, mitihani ya kuomba masomo ya uzamili, kuwa hiari. Mwenye matokeo mazuri ya hesabu hana haja nazo. Wewe ningekushauri ufanye mmoja, kwa sababu sehemu ya hesabu itakusemea pale ambapo matokeo ya chuo yanakusema vibaya. GRE imefupishwa tangu Septemba 2023, inachukua karibu saa mbili. GMAT ya sasa ilianza Novemba 2023 na ina kipimo kipya cha 205 hadi 805, kwa hiyo usilinganishe alama yako na orodha za zamani za 200 hadi 800. Alama za mitihani hiyo zinadumu miaka mitano. Za mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, miaka miwili. Panga Kiingereza kije mwisho, karibu na maombi.

Sasa maelezo binafsi, ile insha ya kueleza kwa nini unaomba. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo waombaji wa fani hii wanapopotea kwa wingi, tena wengi kwa namna moja.

Wanaandika kwamba wanapenda watu. Nimesoma maombi mengi ya aina hii, na sentensi ya "tangu utotoni nimependa kusaidia watu" inajirudia kiasi kwamba jicho linairuka lenyewe. Kuwapenda watu ni jambo jema. Lakini mtu wa rasilimali watu atakaa na mama aliyefiwa wiki hii, na wiki ijayo atamsomea mtu barua ya kuachishwa kazi. Atajua mshahara wa kila mmoja na hatautaja. Atasimama kati ya mwajiri anayemlipa na mfanyakazi anayemtumaini, na siku nyingine hawezi kuwaridhisha wote wawili. Kamati inatafuta dalili kwamba unalijua hilo na bado unaitaka kazi.

Dalili hiyo haitoki kwenye sifa unazojipa. Inatoka kwenye uamuzi mmoja uliowahi kuufanya au kuushuhudia, ukiueleza kwa undani. Wewe unao mgodi: zamu. Anayepanga zamu anagawa usiku, sikukuu, na muda wa mtu kuwa na watoto wake. Hakika kuna siku mtu mmoja aliomba asipangwe usiku kwa sababu ya kweli, na wenzake wakanung'unika. Ulifanya nini? Ulitumia kanuni gani? Nani aliumia? Ungekuwa na mamlaka zaidi, ungebadilisha nini kwenye utaratibu wenyewe badala ya kumhurumia mtu mmoja? Jibu maswali hayo kwa uaminifu, tayari una nusu ya insha.

Au chukua wapya uliowafundisha. Linganisha aya hizi mbili nilizozitunga kwa mfano.

Ya kwanza: "Nina shauku kubwa ya kukuza vipaji. Katika kazi yangu nimefundisha wafanyakazi wengi na kuwapa motisha ya kufikia malengo yao."

Ya pili: "Wapya niliowafundisha walikuwa wakifaulu jaribio la wiki ya pili, kisha wengine wanaacha kazi kabla ya miezi mitatu. Nilidhani mafunzo yangu ni mafupi. Nilipowauliza waliokuwa wakiondoka, wengi walitaja jambo lilelile: wiki ya tatu walipelekwa zamu ya usiku bila mtu wa kumuuliza. Niliomba kila mpya apangwe na mzoefu mmoja kwa wiki nne. Msimamizi alikubali kwa timu moja tu, na timu hiyo ikabaki na watu wake. Sijui kama ni kwa sababu ya mabadiliko yale au kwa bahati, kwa kuwa timu ilikuwa moja. Nataka kujifunza namna ya kulijibu swali hilo."

Ya kwanza ingeweza kuandikwa na yeyote. Ya pili imeandikwa na mtu aliyekuwepo. Tena ona sentensi mbili za mwisho: mwandishi anakiri mpaka wa ushahidi wake na papo hapo anaeleza kwa nini anahitaji shule. Hiyo ni hoja ambayo alama za kati haziwezi kuizima. Bila shaka usiandike tukio ambalo halikutokea. Kwenye usaili utaulizwa undani wake, na kisa cha kubuni hakina undani.

Angalizo moja ambalo katika fani hii ni zito kuliko nyingine. Usimtaje mwenzako kwa jina, usieleze ugonjwa wake, mshahara wake au kosa lake la kinidhamu kwa namna ambayo mtu wa kampuni yenu akisoma atamtambua. Usitoe takwimu za ndani za kampuni bila ruhusa. Wapo wanaodhani undani wa aina hiyo unaonyesha uzoefu. Kwa msomaji wa kamati unaonyesha mtu asiyefaa kukabidhiwa kabati la mafaili. Badilisha mazingira, ondoa majina, baki na uamuzi.

Malizia insha na kazi unayoitaka, kwa jina la kazi. "Kuwa kiongozi katika rasilimali watu" haisemi kitu. Sema unataka kuanza kama mchambuzi wa mishahara, au afisa wa mahusiano kazini, au mshauri wa rasilimali watu anayehudumia kitengo kimoja cha biashara. Hakuna atakayekushika shati ukibadili mawazo baadaye. Halafu taja kozi mbili za chuo hicho hasa, ueleze zinaziba pengo gani kwako. Kama aya yako inaweza kuhamishiwa maombi ya chuo kingine kwa kubadilisha jina tu, iandike upya.

Wadhamini. Chagua aliyekuona ukifanya kazi, si mwenye cheo kirefu. Barua ya mkurugenzi anayekujua kwa sura ina maneno mazuri na haina kitu ndani. Kama unaogopa bosi wako asijue mapema kwamba unaondoka, mwendee msimamizi wako wa zamani aliyeshahama, au mkuu wa timu nyingine uliyemfundishia watu. Awepo na mwalimu mmoja wa chuo kama bado anakukumbuka. Wape wiki sita, na uwape ukurasa mmoja wenye mambo uliyofanya, tarehe, na kile ambacho ungependa kila mmoja akigusie, ili barua tatu zisirudie kitu kimoja.

Kuhusu kutokuwa na cheo cha rasilimali watu: una miezi kadhaa kabla ya maombi, itumie. Omba kukaa kwenye jopo la usaili wa timu yako, hata kama ni kuandika majibu tu. Jitolee kuandika upya maelezo ya kazi ya nafasi unayoijua. Uliza kama unaweza kusaidia wakati wa tathmini za mwaka. Hata jambo moja kati ya hayo, likifanywa sawasawa, linahamisha wasifu wako kutoka "nataka" kwenda "nimeanza". Vyeti vya kitaaluma kama vya SHRM, chama cha rasilimali watu cha Marekani, sioni haja ya kuvikimbilia sasa. Vitakufaa baadaye kazini, lakini kwa udahili, pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye kozi ya takwimu.

Usaili, ukiitwa, mara nyingi utakuwa kwa video. Watakuuliza maswali ya "tueleze wakati ambapo". Tayarisha visa vitano vya kweli, kila kimoja kwa dakika mbili: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, ikawaje. Wengi wanatumia muda wote kueleza hali. Uzito uwe kwenye ulichofanya wewe.

Ratiba na pesa vinakwenda pamoja. Vyuo vingi vya muda wote vinapokea maombi kwa awamu, na fedha za ufadhili hugawiwa zaidi awamu za mwanzo. Lenga awamu ya kwanza au ya pili, maana yake kwa masomo ya Septemba uwe umetuma kati ya Novemba na Januari iliyotangulia. Ukirudi nyuma kutoka hapo: wadhamini wajue mwezi wa tisa, mtihani ufanywe mwezi wa nane, kozi ya takwimu ianze sasa. Uliza kuhusu nafasi za wanafunzi kufanya kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti, kwa sababu kwenye baadhi ya vyuo nafasi hizo zinafuta ada au sehemu yake, na maombi yake huwa tofauti na ya udahili. Wengi hudhani yanakwenda pamoja, wakakosa.

Ukipiga hesabu, jumlisha ada, gharama za kuishi na mshahara utakaoukosa kwa miezi yote ya masomo, kisha toa ufadhili na malipo ya kiangazi cha mafunzo. Kinachobaki ndiyo bei halisi. Kilinganishe na mshahara wa kuanzia ulioonyeshwa kwenye taarifa ya ajira, ukichukua mshahara wa katikati, si wa juu. Kama deni litakalobaki ni kubwa kuliko mshahara wa mwaka mmoja wa kazi hiyo ya kuanzia, mimi nisingekwenda mwaka huu. Ningeomba tena mwaka ujao nikiwa na alama bora ya mtihani na kutafuta ufadhili zaidi.

Usijiuzulu kwa sababu umeitwa kwenye usaili, wala kwa sababu umepewa nafasi. Subiri uwe na barua mbili, ya udahili na ya fedha, na uhakika wa viza kama unasafiri. Chuo kitataka amana ya kushikilia nafasi; kabla hujalipa, uliza kama inarudishwa na kama wanaruhusu kuahirisha kwa mwaka. Ukiwa na majibu hayo ndipo uende kwa mwajiri wako, na uanze kwa kuomba likizo ya masomo isiyo na malipo. Wanaweza kukataa. Lakini kuna wanaokubali, na hata wakikataa, umewaambia kwamba ungependa kurudi, na siku ile watakapotafuta mtu wa rasilimali watu anayejua kazi ya bima kutoka ndani, jina lako litakuwa tayari mezani.